Mistari Niliyomfutia Chaki

Binti yangu tunamwita Chaki. Jina lake la kweli lipo, limeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti kiko ndani ya bahasha, bahasha iko ndani ya mifuko miwili ya plastiki, maana paa halisemi litavuja lini. Lakini hata baba yake akimwita kwa jina hilo haitiki. Amekuwa Chaki tangu akiwa na miaka miwili, siku nilipomkuta chini ya meza yangu anatafuna kipande cha chaki ya bluu, mdomo umekuwa kama wa mtu aliyekunywa wino. Nilimbeba mbio hadi zahanati. Nesi alimtazama mtoto anavyocheka, akanitazama mimi ninavyohema, akauliza, "Mama, mgonjwa ni yupi kati yenu?"

Mimi ni fundi nguo. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikafundishwa kushona na mama mmoja mkali, na tangu hapo nimekaa nyuma ya cherehani. Nikisema nimekaa, wanaonijua watacheka. Sikai. Nashona mshono mmoja, nainuka kutazama jiko. Nashona wa pili, nainuka kuhakikisha mlango wa nyuma umefungwa. Wa tatu nachungulia barabarani kama mume wangu anarudi na viungo vyake vyote. Chumba cha mbele tunagawana na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ni msusi. Upande wake kuna kioo na kiti, upande wangu cherehani na meza ya kukatia. Wifi husema siku nilipozaliwa mkunga aliishika presha kwanza, ndipo akamshika mtoto.

Chaki alikulia chini ya ile meza ya kukatia. Nilimweka pale ili nimwone kila nikiinama. Ukimpa kipande cha karatasi ya kaki, ile ninayokatia vielelezo vya nguo, na kibaki cha chaki, basi, katulia. Na kwa kuwa mtu aliye chini ya meza haoni kitu ila miguu, alichora miguu. Miguu tu, na viatu, na pindo za sketi. Siku moja mteja aliokota karatasi sakafuni, akaigeuza huku na huku, akasema, "Jamani, hii si ndala yangu? Na hiki si kidole changu kilichopinda?" Kweli kilikuwa chake. Mtoto alikuwa na miaka mitano.

Alivyorefuka, watu wake nao walipanda. Alipoweza kusimama kando ya meza alichora magoti na viuno. Alipoanza kukaa kwenye stuli akinishonea vifungo, alichora mikono, yangu na ya shangazi yake, inavyopinda, inavyobana sindano, inavyogawa nywele. Nyuso zilichelewa. Nyuso zilimshinda. Alikuwa akimtazama mtu usoni anaona haya, anainamisha kichwa. Kwa hiyo alijifunzia nyuso kwenye mabango ya mitindo ya nywele yaliyobandikwa ukutani upande wa wifi. Wale wasichana wa kwenye bango hawamshangai mtu. Wanacheka tu, mwaka mzima, meno yote nje.

Alipomaliza shule akasema anataka kuingia chuo cha sanaa. Nilishika tama siku mbili. Sikuwa na ubaya na kuchora, ila nilijiuliza, mtu anachora, halafu? Nguo ikiisha kushonwa inavaliwa. Baba yake akasema, "Mwache ajaribu, asije akatulaumu uzeeni." Basi akapeleka michoro kumi ya nyuso, misafi, inang'aa, kila unywele umewekwa mahali pake. Mimi mwenyewe niliisifu. Chuo kikamkataa.

Aliporudi alisema maneno mawili tu: "Wamekataa, mama." Kisha akaingia ndani. Miezi miwili hakushika penseli. Alinishonea vifungo, akanipigia pasi, akawaoshea nywele wateja wa shangazi yake, ukimsemesha anakujibu vizuri, lakini alikuwa kama taa iliyochomolewa. Nilikuwa namtazama mgongo anapofua. Mama anaujua mgongo wa mtoto wake. Nilijiambia, mara ya pili asikataliwe tena, maana hiyo mara ya pili itamvunja.

Aliyemrudisha kwenye penseli ni mzee mmoja mchora mabango, milango mitatu kutoka kwetu, ambaye mtaa mzima unamwita Babu Brashi. Alikuja kutiliwa kiraka suruali yake, akaiona ile michoro iliyokataliwa, nimeitandika chini ya pasi. Akaitazama yote kumi akiwa amesimama, suruali mkononi.

"Mama Chaki," akasema, "hawa wote ni msichana mmoja."

"Si kweli, Babu. Huyu ana nywele ndefu."

"Amebadilisha msuko. Mtu ni yule yule. Binti yako anajua kuchora karatasi, ila mtu bado. Mlete kwangu."

Akaenda. Kila asubuhi, baada ya kufagia, Chaki alikwenda kibandani kwa Babu Brashi, na mchana alitoka na daftari kubwa kuchora watu: muuza magazeti, mama wa vitumbua, wanaongoja zamu zahanati. Mwanzo alirudi na mgongo ule ule. Baadaye nikaanza kumsikia anaimba bafuni. Siku moja nikaona sanduku lake la penseli halina raba. Nikadhani imepotea, nikamnunulia nyingine, nyeupe, nzuri, nikaiweka humo nisiseme kitu. Wiki zikapita, ile raba haikuguswa. Nilidhani anaitunza. Kumbe ile ya kwanza Babu Brashi aliichukua kwa mkono wake akaitia mfukoni, akamwambia, "Ukikosea, chora tena hapo hapo juu. Nataka nione ulipotafuta." Hayo niliyajua nikiwa nimeshachelewa.

Mwaka ukazunguka. Chuo kikatangaza tena: michoro kumi ya watu walio hai, ipelekwe kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, dirisha likifungwa limefungwa. Ijumaa ile asubuhi Chaki alipanga michoro yake kumi juu ya meza yangu ya kukatia, akasema, "Mama, naenda kwa Babu kuazima jalada la kubebea. Narudi sasa hivi. Usiwekee chai hapo."

"Mimi na chai wapi na wapi," nikajibu.

Chai sikuweka. Niliitazama michoro. Baba yake alikuwepo, amelala kitini na gazeti kifuani, mdomo wazi, hata mkoromo unauona. Wifi yangu alikuwepo, amebana kitana kwa meno. Walikuwa wao hasa, siyo wasichana wa bango. Nilifurahi mpaka nikashika kifua. Halafu nikasogea karibu, nikaona uchafu.

Mistari! Kila mtu amezungukwa na mistari hafifu. Kichwani kumezungushwa duara, usoni kumepita mstari kama kamba ya kuanikia, bega limechorwa mara tatu, la chini, la juu, la katikati, halafu moja ndilo limekolezwa. Pembe za karatasi zimechanika kule zilikotolewa kwenye daftari. Moja ina mkunjo. Nikasema, aa, hapana. Mwaka jana ile ilikuwa misafi wakaikataa, hii michafu itakuwaje?

Yule mama aliyenifundisha kushona alikuwa na rula ya mbao. Ukimpelekea nguo ina alama ya chaki, hata kidogo, hata ndani ya pindo, unaweka vidole mezani. Miaka thelathini nguo haijatoka kwangu na chaki. Mteja hapaswi kujua ulikata wapi, ulikosea wapi, uliongeza wapi. Anavaa, anaondoka. Kwangu mimi michoro ile ilikuwa nguo iliyokatwa vizuri mno na haijapigwa brashi, na mwenye nguo anakuja saa kumi.

Nikaifuata ile raba nyeupe.

"Wifi," akasema wifi yangu kutoka kwenye kioo, vidole vimo katika kichwa cha mteja, "umeulizwa?"

"Mama anaulizwa?"

"Mimi gauni langu nimekuuliza tangu mvua za mwaka jana hujanijibu. Hiyo ambayo hujaulizwa ndiyo unaikimbilia."

"Gauni lako halifungi saa kumi."

Nilifuta taratibu, kwa ncha ya raba, nikishika pumzi. Duara, nje. Kamba ya usoni, nje. Mabega mawili ya ziada, nje. Nikapuliza, nikapiga brashi ya nguo. Ule wenye mkunjo niliutandikia kitambaa nikaupiga pasi ya vuguvugu. Pembe zilizochanika nikazinyoosha kwa mkasi. Nilikuwa nimefika wa saba, naimba kimoyomoyo, Chaki aliposimama mlangoni na jalada la ngozi kwapani.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisogea, akainua mchoro wa baba yake, akauelekeza kwenye mwanga.

"Mama, mistari iko wapi?"

"Nimeitoa yote," nikasema, bado natabasamu. "Angalia inavyong'aa."

Akaweka chini. Akainua wa pili, wa tatu. Alipofika wa saba akakaa sakafuni juu ya rundo la vitambaa, pale pale alipokuwa akikaa utotoni.

"Mwaka jana waliniandikia barua, mama. Sikukusomea. Waliandika kwamba picha ni safi lakini hawaoni mchoraji alikopita. Mwaka huu nimepita. Mwaka mzima napita. Wewe umefagia njia."

Wifi aliyekuwa ameanza kucheka akaacha. Hata mteja wake alitulia, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama.

Niliwahi kuunguza sare za darasa zima kwa pasi, nikaomba radhi nikashona nyingine. Lakini pale sikujua naomba radhi kwa kitu gani, maana nilichofanya nilikifanya kwa mapenzi yangu yote. Nikasema tu, "Mwanangu, mimi sikujua."

Wifi ndiye aliyeangalia saa. "Haya, saa tano hii. Kilio kina foleni, kitangoja. Imebaki mitatu mizima, si ndiyo? Inatakiwa saba. Chaki, chora."

"Nimchore nani? Walioko zahanati wameshaondoka."

"Mchore huyo aliyeharibu! Mkalishe hapo kitini, hiyo ndiyo adhabu yake."

Nikakaa. Nikakunja mikono mapajani, nikainua kidevu kama mtu wa kwenye picha ya kitambulisho. Chaki akafungua daftari, karatasi ni moja tu. Akaanza. Nikasikia harufu jikoni, nikainuka. Nikarudi nikakaa. Mteja akaja kuuliza sare, nikainuka. Nikakaa. Nikakumbuka pasi, je, niliichomoa?

"Wifi, hata kwenye adhabu hukai?" wifi akapiga kelele. "Huyu hata jela wangemfukuza!"

Chaki aliichana ile karatasi, ya mwisho, akaikunja. Nikajua sasa basi, nimemaliza kabisa. Alinitazama. Alinitazama usoni, bila kuinamisha kichwa, muda mrefu, kama mimi ninavyotazama kitambaa kabla sijatia mkasi. Halafu akainuka, akavuta bunda langu la karatasi ya kaki.

"Mama, usikae."

"Eh?"

"Fanya kazi yako. Shona. Inuka, chungulia, fanya unavyofanya kila siku. Usinitazame. Nikatie tu karatasi kwanza."

Nilimkatia vipande saba, nimepima kwa futi, nimenyoosha kila pembe. Kaki yenyewe ilishatumika, ina alama zangu za vielelezo: mviringo wa kwapa, mshazari wa sketi, vipimo vya watu. Nikasema ngoja nizifute. Wote wawili, Chaki na shangazi yake, wakasema kwa pamoja, "Usiguse!"

Basi nikashona. Nilishona gauni la wifi, maana ndilo lililokuwa karibu. Chaki alikuwa chini ya meza, mara juu ya stuli, mara mlangoni, penseli mkononi na kipande cha chaki yangu nyeupe katikati ya vidole kwa ajili ya kupaka palipo na mwanga. Nilisikia penseli inakwaruza kwa kasi. Niliinuka kutazama jiko, ikakwaruza. Nilichungulia barabarani, ikakwaruza. Mchana ule sikupikia mtu, na hakuna aliyeuliza.

Saa nane na nusu alisema, "Imetosha." Wifi akaja kutazama, akashika mbavu.

"Wifi, hapa umechungulia barabarani una shingo kama bomba! Na hapa, angalia, pembeni ya sikio lako pameandikwa kiuno cha mwalimu mkuu. Mia na kumi na nne! Chuo kizima kitajua!"

Mmoja niliutazama nikadhani amekosea. Nimeketi kwenye cherehani, nina mkono mmoja wa kushoto ulioshika kitambaa na mikono mitatu ya kulia: mmoja uko kwenye gurudumu, mmoja unachomoa pini mdomoni, mmoja umeshainuka kuelekea jikoni. Mistari imejaa kila mahali. Katikati ya mistari hiyo nipo mimi, na uso wangu ni uso wangu, na wasiwasi wangu wote umo humo, hata ule nisioufahamu. Ningefuta kipi?

Tulikwenda pamoja, mimi nikiwa nimebeba jalada mikono miwili kama mtoto mchanga. Tulifika chuoni dirisha bado wazi. Aliyepokea alikuwa mwalimu, mama mrefu mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alikuwa akipokea na kuandika tu, hasemi na mtu. Lakini alipofungua jalada letu akasita. Akapanga mezani kaki saba na ile mitatu ya daftari. Kisha, kwa kuwa Chaki alikuwa ametia na ile iliyofutwa chini kabisa, akaitoa nayo.

"Hii imeoshwa na nani?"

Niliinua mkono juu, kama darasani. "Mimi, mwalimu. Mtoto hana kosa. Mimi ni fundi nguo, kwangu nguo haitoki na chaki."

Akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani. Akanitazama, akautazama ule mchoro wa mikono mitatu, akanitazama tena. Nilikuwa nimesimama pale naweka sawa ukosi wa Chaki, nachungulia saa ukutani, nafunga kifungo cha jalada, yote kwa wakati mmoja.

"Ndiye huyu," akasema. Hakuwa anamwambia mtu. Akageuka kwa Chaki. "Ulimchora hivi kwa muda gani?"

"Kama dakika ishirini. Zaidi ya hapo hakupatikana."

"Na mwaka jana ulileta nyuso za kwenye mabango."

"Ndiyo, mwalimu."

Akaandika kitu kwenye daftari lake, kirefu kuliko alivyowaandikia wengine. Nilijaribu kukisoma kichwa chini miguu juu, sikuweza. Wiki mbili zile za kungoja sitazisimulia. Mume wangu alisema nimemchosha mpaka viatu vyake. Orodha ilipobandikwa ilikuwa na watu kumi na wawili, na binti yangu alikuwa wa kumi na moja, kwa jina lake la cheti, mpaka nikalipita mara mbili bila kulitambua. Chaki mwenyewe ndiye aliyeweka kidole. Nilipiga kigelegele mle ndani, mlinzi akaja mbio akidhani kuna moto.

Sasa yuko chuoni mwaka wa kwanza. Anarudi jioni na vidole vyeusi vya mkaa, anavifutia kwenye mapazia yangu, na nimejifunza kunyamaza, karibu kila mara. Ile raba nyeupe aliitoa sandukuni akanipa. "Hii yako, mama," alisema, na niliiweka kwenye kopo la vifungo, nafutia vipimo vya wateja waliopungua.

Mchoro wa mikono mitatu walimrudishia, ameubandika ukutani juu ya cherehani. Wateja wakiingia wanauangalia, wananiangalia, wanacheka kabla hata ya kunisalimia. Wifi huwa anawaeleza yeye.

"Huyo ndiye wifi yangu. Mikono mitatu ya kulia, na gauni langu lilichukua mwaka!"

"Si umevaa?" namwambia, huku nainuka.

"Nimevaa, ndiyo. Lakini tazameni hapa kwapani, jamani, njooni mtazame. Siku ile alikuwa na haraka. Ameniachia chaki."

Nimemwambia alete nimpigie brashi. Anakataa. Anasema anataka watu waone nilikopita.